Rateng' na Rabuor Wameanza Kunisikia Tena

Akinyi, nyathina, mwanangu,

Nimekuona ukitoka langoni kwenda kusukwa, na ninamjua msusi wa pale sokoni, mdomo wake una kazi nyingi kuliko vidole vyake. Hutarudi kabla jua halijalala upande. Mama yako ameenda kwa mashine ya kusaga. Nimebaki mimi na mbwa, basi nimechukua kalamu. Usicheke mwandiko. Ulikuwa mbaya hata kabla mkono haujaugua. Mwalimu wa ngumbaru aliniambia herufi zangu zinatembea kama kuku aliyevunjika mguu, nami nikamwambia, angalau zinatembea, mwalimu, za wengine hapa zimelala.

Utauliza kwa nini sikuandika Dholuo. Boma hili lilianza kwa Kiswahili. Mama yako nilimtoa Ukuria hajui neno hata moja la kwetu, na Kikuria changu kilikuwa cha kununua ng'ombe tu. Tulipendana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili, na wewe ukazaliwa katikati ya hayo maneno. Mambo mazito ya nyumba hii yanasemwa hivyo.

Sitakuambia habari ya kufunga sanduku wala ya wezi wa stendi. Mama yako ameyasema hayo mpaka kuta zimeyashika. Mimi nina jambo langu, na limenikataza kukaa tangu asubuhi. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Nimeenda zizini mara nyingi mpaka maksai wetu Rateng' amenichoka, amenigeuzia matako.

Jana nilikusikia jikoni.

Mlidhani nimelala. Ulisema, "Mama, nitampigia mwalimu mkuu wa Lodwar nimwambie siendi."

"Tena?"

"Tena."

"Ile kazi ya Mfangano ulikataa. Hii nayo unakataa. Unafikiri watu wa Lodwar watakuja kukubembeleza hapa na mbuzi?"

"Na nikienda, Mama, nani atamwangalia? Nani atalima? Maksai wanasikia sauti yangu tu. Na siku ile mimi nilinyamaza. Ningemlazimisha aende hospitali, leo angekuwa mzima."

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, basi. Nilitaka kuamka nije niseme, lakini unaujua ulimi wangu sasa, nikikasirika unajikaza kama kamba iliyonyeshewa. Kwenye karatasi sina kigugumizi. Kwenye karatasi mimi bado ni Okello.

Na Okello alikuwa nani? Wacha nijisifu kidogo, wewe si mgeni. Kutoka Awendo mpaka Ndhiwa, na kuteremka mpaka Karungu ambako udongo mweusi unashika plau kama gundi, hakukuwa na mtu wa kufundisha maksai kunishinda. Wengine walipiga. Mimi niliongea. Ng'ombe wangu nilimfundisha kwa sauti, si kwa fimbo. Nilisema neno nyuma ya plau, na yule wa kushoto akajua ni yeye, wa kulia akajua si yeye. Watu waliacha majembe yao kuja kuangalia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta darasa zima. Hata mama yako, nilipomkuta kwao wakati nimeenda kununua Meja, yule dume wangu wa zamani, hakunipenda kwa sura. Aliniona nikiongea na ng'ombe mkali aliyemshinda baba yake, na ng'ombe akalala chini. Muulize. Atakataa, lakini muulize.

Mtu wa namna hiyo, Akinyi, anaambiwaje kwamba ana ugonjwa?

Nesi wa zahanati ndiye aliyejaribu. Nilikuwa nimempeleka mama yako na malaria, na yule binti akaniambia, "Mzee, leta mkono na wewe." Akanifunga kile kitambaa, akakipuliza, akaangalia, akapuliza tena. Akasema presha yangu iko juu sana na hataki nitoke bila dawa. Nikamwambia, "Binti, mimi nimelima leo tangu alfajiri. Wewe umekaa kwenye kiti. Nani kati yetu ni mgonjwa?" Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Nilipenda wacheke. Nilitoka na dawa mfukoni na kile kicheko kichwani, na kicheko ndicho nilichokitumia.

Nilizimeza kidogo, sikuona tofauti, nikaacha. Mama yako aliponifuata na kikombe cha maji nilizitia mdomoni, nikazitema nyuma ya ghala. Ndiyo maana yule jogoo mwekundu aliyezidonoa alikuwa mpole vile. Siku hizi ninafikiri hivi: jino likiuma unatafuta daktari, mwiba ukikuchoma unakaa chini. Presha haiumi. Ilikaa mwilini mwangu miaka imenyamaza, na mimi nikadhani imenyamaza kwa sababu inaniogopa.

Sasa siku yenyewe. Nataka niiseme mimi, kwa sababu wewe umekuwa ukiisema moyoni mwako vibaya.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ile ya kwanza ya kupandia. Unajua desturi yetu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ya babu yako. Hakuna mtu wa nyumba hiyo anayetia mbegu ardhini kabla yangu, si Ouma ndugu yangu, si wake zake, si wajane wa binamu zetu. Wote wameamka, wameshika mbegu, wamesimama mipakani mwa mashamba yao wanaangalia upande wangu. Nakuambia ukweli, katika mwaka mzima hiyo ndiyo asubuhi niliyoipenda kuliko Krismasi. Wote wanamngoja Okello.

Nikanywa uji. Kikombe kikaniponyoka. Nikakiangalia pale chini kama kikombe cha mtu mwingine. Mama yako akaniangalia usoni, akasema, "Baba Akinyi, mdomo wako umeenda wapi?"

Nikacheka. Nilihisi kicheko kimetoka upande mmoja.

"Nimelalia vibaya," nikasema.

Hapo wewe ulitoka na ndoo ya maji. Uliiweka chini. Ulisema, na maneno haya ninayakumbuka hata siku ambazo sikumbuki nimekula nini: "Baba, hii si kulala vibaya. Inua mikono yote miwili." Nikainua. Wa kulia ukashuka wenyewe. Ulisema, "Twende hospitali sasa hivi. Nitaita pikipiki." Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Pikipiki ipande mahindi? Watu wananingoja." Ukashika nira usiniruhusu kuitoa. Nikakuondoa kwa bega. Nikakuambia neno baya, kwamba msichana hafungi mlango wa mvua.

Umesikia? Ulisema. Ulishika nira. Kama kuna mtu alinyamaza siku ile, si wewe.

Nikafika shambani mguu unaburuta. Mbegu nilikuwa nimezifunga kwenye kitambaa. Nikawaweka Rateng' na mwenzake Rabuor kwenye mstari, nikashika plau, nikawaita.

Hawakwenda.

Nikaita tena. Rateng' akageuza sikio. Rabuor akageuza kichwa chote, akaniangalia kama anayetafuta mwenye shamba. Kilichotoka kinywani mwangu hakikuwa neno lao. Ng'ombe niliowalea mimi, wanaonifuata hata gizani, walisimama wakingoja Okello aje, na Okello alikuwa pale pale nyuma yao.

Hapo ndipo nilipoogopa. Na mtu mwenye kiburi akiogopa anatafuta wa kumlaumu. Nilimwona Ouma amesimama mpakani na jembe. Nikaona udongo uliochimbwa miguuni mwake. Nikasema kwa ule ulimi mzito, "Umepanda! Umepanda mbele yangu!"

Ouma akatupa jembe. "Jaduong', mkubwa wangu, nachimba mtaro wa maji! Tazama, mbegu ziko hapa mfukoni!"

Lakini wazee walikuwa wameshakusanyika. Mdogo amepanda kabla ya mkubwa, mkubwa amepinda mdomo: hiyo kwetu ina jina, ni chira, laana ya kuvunja utaratibu, na dawa yake ni majani ya kuoshwa. Wakanilaza kwenye kivuli cha ghala. Mtu akatumwa ng'ambo ya mto kumwita mwenye majani. Na mimi nilikubali kwa kichwa. Wewe ulikuwa unalia, unasema hospitali, hospitali, na wazee wanakuambia tulia binti. Nilikubali, Akinyi, kwa sababu chira ilikuwa kosa la Ouma. Hospitali ingesema ni kosa langu.

Jua likapanda, likapita kichwani, likaanza kushuka. Mwenye majani alikuwa kwenye matanga mbali.

Aliyevunja kikao kile ni mama yako. Aliondoka bila kuaga mtu, akaenda barabarani, akasimama katikati mbele ya trekta la miwa. Dereva alimtukana. Mama yako akamrudishia kwa Kikuria, sijui alimwambia nini, lakini yule dereva alishuka akaja kunibeba mwenyewe. Nikapakiwa juu ya miwa kwenye trela. Na nani alipanda kushika kichwa changu kisigonge? Ouma. Njia nzima mpaka hospitali ya mjini nilikuwa namlaani kwa ulimi ule uliovunjika, na yeye anasema, "Ndiyo, Jaduong'. Ndiyo. Sema tu. Ukisema najua uko hai."

Pale hospitali daktari, msichana wa rika lako, aliuliza dalili zilianza lini. Wewe uliyetufuata ulimwambia wakati wa uji. Akaangalia dirishani jua lilipokuwa. Akasema hiki ni kiharusi, mshipa wa damu umeziba kichwani, na kila saa inayopita sehemu ya ubongo inakufa kama shamba lililokatiwa maji. Akasema kuna matibabu ambayo mngepata kama mngewahi. Kisha akakuuliza wewe, kwa hasira kidogo, "Kwa nini mlimkalisha nyumbani?"

Mimi nilikuwa kwenye kitanda, nasikia kila kitu. Nilikuangalia. Uliinamisha kichwa. Ungesema, "Baba alikataa, alitaka kupanda kwanza." Hukunitia aibu mbele ya mgeni. Ukaubeba wewe mzigo huo, na mpaka leo hujautua.

Utue. Kosa hilo ni langu, na mimi sipendi mtu kuchukua kitu changu.

Nimesimama kidogo. Nimezunguka boma, nimerudi. Kuna wingu upande wa ziwani.

La pili ni gumu zaidi. Mnafikiri sijui kwamba nasahau. Najua. Mguu umerudi, mkono umerudi, ulimi umerudi nusu, lakini kichwani kuna kitu kinatoka polepole kama mahindi kwenye gunia lenye tundu. Siku ile mtoto wa duka aliponileta nyumbani, nilikuambia nilipita njia ndefu kunyoosha mguu. Uongo. Nilisimama kwenye njia panda niliyopita maisha yangu yote, na njia zote zilikuwa ngeni. Rateng' nimemwita Meja, na Meja alikufa wewe hujaanza shule.

Na wewe nilikuita Aoko. Aoko ni shangazi yako, dada yangu aliyekufa akiwa msichana mdogo. Nilikuita, "Aoko, leta maji," na uliitika. Hukunisahihisha. Ulileta maji. Nilipoyanywa ndipo nilipojua nimekosea, nikaona macho yako, nikajifanya nakohoa.

Kliniki ya mwisho, ulipokuwa umeenda dirisha la dawa, daktari alinipa mtihani. Akanitajia vitu vya kukumbuka, akaniambia nichore saa ya ukutani. Nikamwambia sijawahi kuwa na saa ya ukutani, mimi nasoma jua. Akacheka, akasema, "Basi nirudishie yale maneno, Mzee." Sikuwa na hata moja. Nikamwambia, "Uliza habari za ng'ombe." Akaniuliza kweli, kwa heshima, nikamwambia mengi mpaka akaacha kuandika. Kisha akanieleza. Alisema kile kiharusi kikubwa tulikiona wote, lakini huenda kulikuwa na vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviona, na presha ya miaka mingi imeharibu mishipa myembamba ya ubongo. Kilichoondoka hakitarudi chote. Lakini mwendo wake unaweza kupunguzwa: dawa kila siku, chumvi iwe kidogo, tumbaku basi, kutembea, kuongea na watu nisijifungie. Nilimwomba asikuambie. Akaniambia, "Basi umwambie mwenyewe." Nimekuambia.

Babu yako, baba yangu, alikufa mdomo umepinda, na amesahau majina yetu. Tulisema amerogwa. Tulimnyooshea kidole mama mmoja jirani, mjane, mpaka akahama na watoto wake kwenda Karungu. Sasa ninafikiri juu ya yule mama kila siku. Hakuroga mtu. Ni damu yetu tu na chumvi na kiburi. Damu hiyo unayo, Akinyi. Huko Lodwar nenda ukapimwe, hata ukiwa mzima unacheka. Hasa ukiwa mzima unacheka. Na wakisema umeze kitu, umeze. Huko sijui kama kuna jogoo wa kukusaidia.

Sasa sikiliza kwa nini nimeandika.

Unafikiri alfajiri natoka kwenda chooni na kukaa huko sana. Mama yako ameanza kunipikia mboga ya kulainisha tumbo, masikini. Siendi chooni. Ninakwenda zizini, na Ouma ananingoja hapo. Tunawatoa Rateng' na Rabuor mpaka nyuma ya shamba la miwa ambako hakuna mtu wa kutuona. Yeye anawaongoza mbele kwa kamba, mimi ninasimama nyuma na kuwaita. Kwa sauti hii niliyo nayo, hii iliyopinda. Nimeanza nao upya kama ndama. Mwanzo walisimama kama wamepandwa. Ouma akasema, "Jaduong', labda tumwite Akinyi." Nikamwambia afunge mdomo, mtu aliyemlaza chini ng'ombe wa Ukuria hashindwi na watoto wake mwenyewe.

Wakaanza kugeuza masikio. Kisha Rabuor akaanza kwenda, Rateng' akimfuata kwa sababu ya nira tu. Na leo alfajiri Ouma aliachia kamba, akakaa pembeni. Nikawaita. Wakaenda wote wawili, wakafika mwisho, nikasema neno la kugeuka, wakageuka.

Ouma alikaa pale kwenye nyasi akacheka mpaka machozi. Akasema, "Ndugu yangu, hata mimi sijaelewa umesema nini. Lakini hawa wameelewa!"

Kwa hiyo usijidanganye kwamba maksai wanasikia wewe peke yako. Wewe ni mtu wa pili. Umekuwa wa pili siku zote.

Dawa anaisimamia Ouma. Anakuja kila jioni kunywa chai, na hanyanyuki mpaka nifungue kinywa, niinue ulimi, aone hakuna kitu chini yake. Ndugu yangu mdogo ananikagua kama ng'ombe wa mnada! Nimekubali. Na habari ya kupanda, nimewaita watu wa nyumba ya babu yako Jumapili nikawaambia: mvua ikija na mimi niko kitandani, au kliniki, au nimesimama njia panda sijui niende wapi, msinisubiri. Ouma atie mbegu, kwa neno langu. Wazee walinuna. Mmoja alisema naharibu desturi. Nikamwambia desturi ni yangu kuitoa, na kama anataka kungoja mtu angoje yeye.

Kwa hiyo kesho unakwenda. Si kwamba nitapona. Unakwenda kwa sababu hakuna kitu hapa kilichosimama kukungoja wewe, na mimi najua ubaya wa watu kusimama wakingoja mtu mmoja.

Kesho kwenye stendi huenda nikakuita Aoko. Itika, halafu panda gari. Nikikuita Meja, itika vilevile, alikuwa dume mzuri. Na ukinipigia simu siku moja nikauliza, "Wewe nani?", usiniulize kama ninakukumbuka. Huo ni mtihani, na mitihani nimeshaanguka. Wewe niite tu vile ulivyokuwa ukiwaita maksai ukiwa mbele ya plau, kwa ile sauti yako kubwa ya mama yako. Kama bado kuna shamba kichwani mwangu, nitageuka.

Mbwa amebweka. Naiweka barua hii chini ya nguo zako, utaikuta leo ukifunga sanduku. Lango limelia. Rateng' na Rabuor wameinua vichwa, wanajua mguu wako. Lakini mimi nimekujua kabla yao.

Baba yako,
Okello wa maksai